Wanaopeleka magari mbioni waanze na breki

Mhariri,

Nilisoma kwa makini makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu vijana wanaoongeza nguvu za injini za magari yao ili washiriki mbio za mwishoni mwa wiki, nami nawashukuru kwa kuupa nafasi mchezo ambao magazeti yetu huukumbuka tu Safari Rally inapokaribia kule Naivasha. Makala hayo yalieleza kwa kirefu habari za turbo kubwa (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), bomba la moshi lililopanuliwa na kompyuta ya injini iliyopangwa upya, lakini sikuona hata sentensi moja iliyotaja mafuta ya breki. Mimi ni fundi wa magari hapa Nairobi, na kwa miaka mingi nimejitolea kukagua magari asubuhi ya mashindano kabla hayajaruhusiwa kuingia uwanjani. Naomba nafasi katika ukurasa wenu niseme jambo ambalo nadhani wasomaji wenu vijana wanalihitaji kuliko habari za turbo.

Nianze na kisa kinachonifanya niandike. Asubuhi moja nililikagua Subaru Impreza jeupe la kijana ambaye hajawahi kushindana. Injini ilikuwa safi, matairi yalikuwa mapya, mkanda ulikuwa imara, na kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kimejaa hadi alama ya juu, kwa hiyo nikaitia tiki fomu yake nikampitisha. Katika awamu ya pili ya mbio, baada ya mizunguko mitano au sita ya kasi, alikanyaga breki mwishoni mwa sehemu ndefu iliyonyooka, pedali ikashuka mpaka sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Aliyavunja marobota ya nyasi na kugonga ukuta wa matairi, akavunjika mfupa wa bega. Tulipolifungua gari gerejini siku mbili baadaye, mafuta ya breki yalitoka meusi kama kahawa, na kijana akatuambia kwamba tangu alinunue gari, miaka minne nyuma, hakuna fundi aliyewahi kuyabadilisha. Mimi nilitazama wingi wa mafuta tu, sikuuliza umri wake, na tangu siku hiyo sijapitisha gari lolote bila kuuliza.

Wengi hawaelewi jinsi mafuta ya breki yanavyozeeka kwa sababu hayapungui kama petroli wala hayaungui kama oili ya injini. Tabia yake ni kuvuta unyevu wa hewani, polepole, kupitia mipira ya breki, yaani mirija laini inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, na kupitia kikopo chenyewe, na maji hayo yakishachanganyika nayo hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta huanza kuchemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, ya DOT 4 chini ya nyuzi 230, na ya DOT 5.1 chini ya nyuzi 260. Yakishanyonya maji ya kadiri inayotumiwa katika vipimo, ambayo ni chini ya sehemu nne katika mia, viwango hivyo vinaweza kushuka hadi nyuzi 140, 155 na 180. Mtu anayekwenda kazini kutoka Kasarani hadi mjini katika foleni hatafikia joto hilo katika breki zake. Anayezunguka uwanja wa mbio hulifikia na kulipita.

Hebu tulipime joto lenyewe. Gari la kilo 1,400 likipunguza mwendo kutoka kilomita 160 hadi 80 kwa saa linaachia nguvu ambayo karibu yote hugeuka joto ndani ya breki, na joto hilo linatosha kuchemsha zaidi ya lita tatu za maji yaliyotoka bombani. Kazi hiyo hufanyika katika sekunde chache, kisha hurudiwa kwenye kona inayofuata, na kwenye ile inayofuata, mzunguko baada ya mzunguko, bila diski kupata muda wa kupoa. Tena nguvu hiyo haiongezeki sambamba na mwendo, kwani gari likiongeza mwendo mara mbili, breki hubebeshwa mzigo mara nne. Kwa hiyo kijana anayeongeza nguvu ya injini na kuacha breki zilivyotoka kiwandani anaziongezea kazi breki ambazo hata kabla ya hapo hazikutengenezwa kwa mbio.

Mafuta yakichemka ndani ya kalipa, kile kifaa kinachobana padi kwenye diski, hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubanika. Nguvu ya mguu huishia kuubana mvuke badala ya kusukuma padi. La hatari zaidi ni kwamba gari likiegeshwa kwa nusu saa mvuke huo hurudi kuwa majimaji, pedali inakuwa ngumu tena, na dereva anaamini kwamba tatizo limejiondokea lenyewe. Halikuondoka. Pedali iliyolegea mara moja uwanjani ni sababu ya kutosha ya kufunga siku, au angalau kutoa mafuta yote na hewa yote na kuweka mapya kabla ya kurudi njiani.

Ni vizuri pia dereva ajifunze kutofautisha hali mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Pedali ikiwa laini na ikizama, kosa ni la mafuta. Pedali ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari likakataa kusimama, kosa ni la padi ambazo zimepita joto lake, na mara nyingi utasikia harufu kali kabla hujaona lolote. Katika hali ya kwanza kanyaga na kuachia kwa haraka mara kadhaa ili pedali ipande, huku ukishusha gia na kuelekeza gari palipo na nafasi wazi. Katika hali ya pili pumzisha breki mapema, zunguka polepole, urudi sehemu ya maandalizi.

Ushauri wangu kwa anayejiandaa ni huu. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, badilisha mafuta yote ya breki, si kuongeza juu ya yale ya zamani, na utumie chupa ambayo wewe mwenyewe umeivunja muhuri. Chupa iliyokaa wazi rafuni kwa fundi tangu mwaka jana imekwisha kunyonya unyevu, hata kama imeandikwa daraja la juu namna gani. Anayetaka kupanda daraja atoke DOT 3 au DOT 4 aende DOT 5.1, ila asidanganyike na jina akanunua DOT 5 isiyo na nukta moja, kwa kuwa hiyo imetengenezwa kwa silikoni na haichanganyiki na hizo nyingine. Padi nazo zisiwe zimelika zaidi ya nusu ya unene wake, kwani padi nyembamba, mbali na kuisha katikati ya siku, hupitisha joto upesi zaidi kwenda kwenye mafuta. Padi mpya zizoeshwe kwanza na diski zake kwa kupunguza mwendo mara kadhaa mfululizo, kwa nguvu inayoongezeka kidogo kidogo na bila kusimamisha gari kabisa, kisha ziachwe zipoe gari likitembea. Kagua mipira ya breki ukiikunja kwa vidole, na kama utaona nyufa, usibishane nayo. Haya yote kwa pamoja hayafikii gharama ya turbo moja iliyotumika, na chupa ya mafuta ya breki haifikii bei ya tairi moja.

Sisi tunaoishi nyanda za juu tuna jambo jingine la kuzingatia ambalo mwandishi aliyefundishwa na vitabu vya pwani au vya ng'ambo anaweza asilitaje. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyembamba. Madereva wanajua kwamba injini isiyo na turbo hupoteza hapa takriban sehemu moja kati ya sita ya nguvu iliyo nayo Mombasa, lakini wachache hukumbuka kwamba hewa hiyohiyo nyembamba ndiyo inayotegemewa kupoza rejeta na diski za breki, na kwamba nayo hubeba joto pungufu kuliko hewa ya pwani. Maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima cha rejeta, kinachohimili shinikizo la bari moja, hukipandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 117, na hiyo ndiyo nafasi yote ambayo injini yako inayo. Mpira wa kifuniko hicho ukichoka, nafasi hiyo inapotea na maji yanaanza kuchemka dereva akiwa bado anaona sindano ya joto katikati. Kifuniko kipya ni mojawapo ya vipuri vya bei nafuu kabisa katika duka lolote la Kirinyaga Road, lakini katika ukaguzi mimi huvikuta vya kale zaidi ya gari lenyewe. Tazama pia kama feni zinaingia kazini kwa wakati, kama mapezi ya rejeta hayajaziba kwa vumbi na wadudu, jambo linalowakabili sana wanaoshindana kwenye murram, na kama mipira ya juu na ya chini haijavimba. Kamwe usifungue kifuniko rejeta ikiwa moto. Nimeona mikono na nyuso zilizoungua kwa haraka ya dakika tano.

Oili ya injini nayo ina tabia ambayo barabara ya kawaida haiifichui. Katika kona ndefu ya kasi oili iliyomo kwenye sampu, lile beseni la chini ya injini, husukumwa upande mmoja, na kama ni pungufu, pampu huvuta hewa kwa sekunde moja au mbili. Sekunde hizo, zikirudiwa kila mzunguko, zinatosha kuua beringi za krankshafti, mhimili mkuu wa injini, na injini za Subaru, ambazo vijana wetu wanazipenda na mimi pia nazipenda, haziwasamehi wanaolipuuza hilo. Jaza hadi alama ya juu ya kijiti, upime tena baada ya kila awamu, na ubadilishe oili mapema kuliko kawaida, kwa sababu joto la siku moja ya mbio huizeesha kama wiki nyingi za barabarani. Petroli ifuate kanuni hiyohiyo. Anayeingia na robo ya tangi ili gari liwe jepesi ataona injini ikikohoa katikati ya kona, mahali ambapo asingependa kupoteza nguvu ghafla.

Kuhusu matairi kuna mengi, lakini nitataja yale ninayoyaona yakikosewa kila mara. Kwanza ni umri. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi lenye meno mazuri lakini mpira uliokauka huteleza na kupasuka kuliko lile lililolika kidogo likiwa bado laini. Pili ni upepo. Wengi hujaza asubuhi kiasi wanachokipenda kwa barabara, kisha hawapimi tena siku nzima, ilhali tairi likishapata moto upepo wake hupanda kwa pauni nne, sita, hata nane. Kwa gari la uzito nilioutaja, lenye matairi ya kawaida ya barabarani, mimi huanza asubuhi na pauni 28 na kulipima mara tu linapotoka njiani, nikilenga lisipite 35 likiwa moto, na kama limepita natoa kidogo. Anayetaka kuona kwa macho achore mstari wa chaki kutoka kwenye meno kuteremka ubavuni mwa tairi, aende mizunguko mitatu, kisha atazame chaki imefutika hadi wapi. Ikiwa imefutika ubavuni, upepo ni mdogo na tairi linajikunja. Ikiwa imebaki hadi ndani ya meno, upepo umezidi. Nambari zote aziandike katika daftari pamoja na saa na hali ya hewa, maana kumbukumbu ya kichwa husema uongo saa nane mchana kwenye jua.

Nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo, kufuata kiwango cha mtengenezaji wa gari, kisha zirudiwe baada ya awamu ya kwanza, kwa sababu joto la breki hufika hadi kwenye rimu na kulegeza kilichoonekana imara. Kabla ya yote hayo gari lipandishwe kwa jeki na kila gurudumu litikiswe, juu na chini, kushoto na kulia. Mchezo wowote unaousikia mkononi unatoka kwenye beringi au kwenye viungio vya gurudumu na usukani, yaani boljointi au tairodi, na gari la namna hiyo lirudi gerejini hata kama mwenyewe ameshalipia kushiriki.

Sitasahau chupa ya maji niliyoikuta chini ya kiti cha dereva mmoja. Ilikuwa chupa ndogo ya nusu lita, na dereva akaniambia kwamba ameiweka pale asije akasikia kiu. Gari likifunga breki kwa nguvu chupa hiyo ingebingirika hadi chini ya pedali. Toa kila kitu kisichofungwa: mazulia ya miguuni, jeki, spana, chaja za simu, viatu vya ziada, gurudumu la akiba. Betri itikiswe kwa mkono, na ikicheza ifungwe upya. Kama kuna mtungi wa kuzimia moto, nao ufungwe kwa bamba la chuma mahali ambapo dereva anaufikia akiwa amekaa na mkanda wake, kwa sababu mtungi uliofungwa kwa kamba ya plastiki ni nyundo inayosubiri ajali.

Helmeti ya pikipiki imezoeleka hapa kwetu kwa kuwa ipo kila mahali, lakini zile zilizopimwa kwa ajili ya magari, kama zenye alama ya Snell SA2020, zina bitana isiyoshika moto upesi, jambo ambalo za pikipiki hazipimwi nalo. Dereva akae karibu na usukani kiasi kwamba, mgongo ukiwa umegusa kiti, viwiko vimekunjika, na akinyoosha mkono kifundo cha mkono kinakaa juu ya usukani. Mikono ishike upande wa saa tisa na saa tatu. Wanaoendesha wamelala nyuma kama wako kwenye kochi hawawezi kukanyaga breki kwa nguvu zote bila mwili kuteleza, na hapo tumerudi kwenye jambo langu la kwanza.

Ama kuhusu siku yenyewe, anayefika mapema azunguke njia kwa miguu. Macho ya mtembeaji huona palipo na changarawe, palipolika, mteremko ambao haukuonekana kwenye picha, na mahali wasimamizi wa bendera watakaposimama. Bendera azijue kabla hajavaa helmeti: ya njano ni hatari mbele, punguza mwendo na usipite mwenzako, nyekundu ni kusimamisha mbio, ya buluu ni kwamba kuna mwenye kasi zaidi nyuma yako, yenye mistari ya njano na nyekundu ni njia inayoteleza, na nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa ni gari lako lenyewe lina hitilafu, kwa hiyo ingia ndani. Hiyo ya mwisho nimeona vijana wakiipita mara tatu huku oili ikimwagika nyuma yao kwa wengine.

Awamu ya kwanza isiwe ya kutafuta muda mzuri. Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha joto matairi na breki, na dakika 15 zinatosha kwa anayeanza, maana baada ya hapo umakini hupungua kabla ya mafuta ya gari. Breki zikanyagwe gari likiwa limenyooka, kwa nguvu mwanzoni kisha mguu ulegee polepole kadiri usukani unavyogeuka, na macho yawe kwenye mahali unapotaka kutokea, si kwenye boneti. Anayeingia kona kwa kasi kubwa kuliko uwezo wa matairi ya mbele ataona pua ikikataa kugeuka, na kuongeza usukani hakutamsaidia. Atoe mguu kwenye petroli taratibu na asubiri. Anayeona mkia unamtoroka aache kukanyaga breki kwa hofu. Mwenye uzoefu akiwa tayari kukaa kiti cha pili, mkaribishe, hata kama ni shangazi yako au mtu mdogo kwako kwa umri, kwa kuwa mizunguko mitatu ya mtu anayekuelekeza hukufundisha zaidi ya siku nzima ya kujikisia.

Mzunguko wa mwisho uwe wa kupoza, bila kugusa breki isipobidi. Ukifika sehemu ya maandalizi usivute hendibreki. Padi zilizo moto zikibanwa juu ya diski isiyozunguka huacha alama za joto na hata kunata, na dereva atalalamika safari nzima ya kurudi nyumbani kwamba gari linatetemeka. Tumia gia na uweke jiwe au kigingi kwenye gurudumu. Injini yenye turbo iachwe iungurume dakika mbili tatu kabla ya kuzimwa ili oili isikaangwe ndani ya turbo, boneti ifunguliwe, kisha zifuate nati, upepo wa matairi na oili. Anayefanya hivyo kila awamu hugundua tatizo likiwa bado dogo. Dereva naye anywe maji kivulini, jambo ambalo nalitaja kwa sababu nimewaona wengi wakilihudumia gari kuanzia asubuhi na kujisahau wenyewe.

Gari lililokwenda mbio na kurudi nyumbani kwa magurudumu yake lisihesabiwe kuwa salama mpaka limekaguliwa tena. Padi zilizokuwa nusu asubuhi zinaweza kuwa zimeisha jioni, na mteremko wa barabara ya kurudi hautajua kwamba mbio zimekwisha. Aliye na bima asome pia mkataba wake, kwani bima za kawaida za magari hazifidii hasara iliyotokea mashindanoni.

Nimeandika kwa kirefu, Mhariri, kwa sababu napenda vijana hawa waje uwanjani. Barabara kuu ya Thika usiku wa manane si mahali pa kupima gari, na kila kijana anayetoka huko akaja kwetu mchana, mbele ya wasimamizi na gari la wagonjwa, ni faida kwa wote. Mchezo huu si mgeni kwetu. Hata neno langalanga, ambalo watangazaji wetu hulitumia kwa mbio za magari za dunia, linamrudisha mtu Langalanga, kule Bonde la Ufa upande wa Nakuru, ambako magari yalishindana katika miaka ya 1950.

Ninachoomba kwa waandaaji wa mashindano ni mambo mawili ambayo hayahitaji fedha nyingi. La kwanza ni kwamba fomu ya ukaguzi iongezwe mstari mmoja unaouliza tarehe ambayo mafuta ya breki yalibadilishwa mara ya mwisho na daraja lake, na dereva atie sahihi yake hapo. Fomu niliyoitia tiki asubuhi ile iliuliza kama mafuta yapo, na nikajibu kwa uaminifu kwamba yapo. La pili ni kwamba fomu hiyo na maelezo ya bendera yachapishwe kwa Kiswahili, angalau wiki mbili kabla ya siku ya mashindano. Hadi sasa zote nilizopewa zimeandikwa kwa Kiingereza na hutolewa langoni asubuhi, wakati ambapo gari limeshafungwa na duka la vipuri limebaki mjini. Wanaoyaandaa magari hayo usiku ni mafundi wa gereji za mitaani, wengi wao wamejifunza kazi kwa mikono na kwa Kiswahili, na wao ndio wanaopaswa kuisoma karatasi hiyo kabla ya dereva. Niko tayari kuifanya kazi ya kuitafsiri bila malipo, na kama gazeti lenu litakubali kuichapisha katika ukurasa wa michezo, nitaileta ofisini kwenu mwenyewe.

Wenu mtiifu,
Fundi wa magari na mkaguzi wa kujitolea,
Nairobi